Lori Lililokataa Kunipita

Leo nimemtukana mume wangu barabarani, na bado natabasamu.

Nilikuwa kwenye baiskeli nikienda chuoni, hapa Arua, lori likaja nyuma yangu. Halipiti, halipigi honi. Mnajua ninavyoogopa malori.

Nikapaza sauti bila kugeuka: "Pita basi, wewe mjinga!"

Likabaki pale pale, polepole, kama kivuli changu.

Mwendesha boda akalifokea: "Dereva, gari yako iko gonjwa?"

"Hapana. Bibi yangu iko mbele."

Niliijua sauti ile. Kumbe mume wangu amesharudi kutoka Koboko.

Sikugeuka, jamani. Nilipunguza mwendo tu, barabara yote ikawa yetu, kama siku ya harusi.

Sasa niambieni: nimwombe msamaha, au enyasa, ule ugali wetu, na samaki vitatosha?