Fundi Asiyetoka Jasho

Meno ya kijana huyu yalichelewa mpaka watu wakachoka kuuliza, na yalipotoka yalikuwa manne tu, membamba, yamechongoka. Nywele zake zilikuwa za kuhesabika, ngozi kavu. Lakini lililomnyima mama yake raha halikuonekana kwa macho: mwili wake haukuwa na tezi za jasho. Joto likiingia, halina pa kutokea. Daktari alisema ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra, na kwamba umepitia kwa mama.

Dawa yao ilikuwa shati. Kijana analichovya kwenye ndoo ya maji, analikamua, analivaa. Likikauka, anachovya tena.

Alipofika miaka ishirini na miwili, karakana moja ya useremala ikakubali kumjaribu kwa wiki moja. Asubuhi ya kwanza mama alimzuia mlangoni.

"Huko usilowanishe shati, baba. Wataona wameletewa mgonjwa, watakurudisha."

"Na nikizidiwa?"

"Nawa uso. Ni wiki moja tu."

Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia mama. Akafunga safari mpaka karakana. Chini ya bati la moto, mwanawe alikuwa akipiga msasa mlango uliolazwa juu ya meza. Mafundi wawili kando yake walikuwa wameloa chapachapa.

"Karibu, mama," alisema fundi mkuu, penseli sikioni. "Huyu wako ungempeleka ofisini. Wenzake wanatiririka, yeye tangu asubuhi mkavu kama katoka kwenye pasi. Anatutegea."

"Labda anapiga msasa kwa macho," mmoja akadakia, wakacheka.

Mama hakucheka. Mkono wa kijana ulikwenda na kurudi kama wa mtu mwenye usingizi. Macho yalikuwa mekundu. Akamgusa shingo, ilichoma kama ubavu wa sufuria. Uongo ulishamfika mdomoni, kwamba kijana ana homa kidogo, kesho atakuwa sawa. Lakini kesho angerudi kwenye bati lilelile, na shati lilelile kavu. Akaiona ndoo ya maji ya kunolea patasi. Akainyanyua, akammwagia kijana kuanzia utosini.

Maji yakatapakaa mpaka juu ya mlango.

"Hatoki jasho," mama alisema. "Tangu azaliwe. Asipolowa anaungua kwa ndani. Mimi ndiye niliyemkataza, nikiogopa mtamfukuza."

Fundi mkuu alimsogezea kijana kigoda penye upepo. Kisha akapitisha kiganja juu ya mlango, taratibu, toka mwisho hadi mwisho, akakunja uso.

"Maji yamenyanyua nyuzi za mbao. Huu nilishauhesabu umekwisha, mama. Sasa ukikauka itabidi upigwe msasa upya."

"Nitautafutia mtu," mama akasema haraka.

"Mtu gani tena? Si aliyeuanza yupo hapa? Ila ndoo yake ikae kule, mbali na mbao zangu."

Mama akavuta kigoda kingine, akakaa. Kijana, maji yakimchuruzika kidevuni, akatikisa kichwa.

"Nenda nyumbani, mama."

"Nikae kidogo tu, nione unavyoendelea."

"Nikizidiwa nitawaambia mwenyewe. Sasa wanajua."

Mama akasimama, akatazama mafundi mmoja mmoja, kama anayekabidhi kitu asichotaka kukiachia. Kisha akatoka, akitembea polepole kuliko alivyokuja.