Joto Chini ya Zulia

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, kwa kuwa alipiga pasi nguo za watu sebuleni kwake, na nguo hizo hazikuwahi kwisha. Soketi ilikuwa karibu na mlango, meza yake ilikuwa dirishani penye mwanga, na katikati alikaa mama mkwe wake, ambaye miguu ilishaanza kumgomea. Siku bibi huyo wa watu alipojikwaa kwenye waya wa ekstensheni akaanguka kifudifudi, Mama Pasi aliupitisha waya chini ya zulia, akajiona mjanja kweli kweli.

Ekstensheni yenyewe ilikuwa nyembamba, ya kuchajia simu. Yeye aliibebesha pasi, birika la umeme na feni kwa pamoja, nayo ikabeba bila kunung'unika, kama yeye tu.

"Mwanangu, Mungu akubariki," mama mkwe alisema siku moja, miguu peku juu ya zulia. "Hapa chini pana joto zuri."

"Haya, mama."

Hakugeuka hata kidogo. Alikuwa hoi, na maneno ya mzee yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kesho yake mama mkwe alisifu tena, akakisogeza kiti ili miguu ikae vizuri palepale penye joto.

Ndipo kifungo cha shati la mteja kilipodondoka. Mama Pasi alipiga magoti kukitafuta, kiganja kikagusa zulia. La moto! Na jua halikufika pale.

"Mama, toa miguu!"

Alikimbilia ukutani, akazima swichi, akachomoa. Alipofunua zulia, waya ulikuwa umelainika na kunata, na upande wa chini wa zulia ulikuwa umeungua, palepale zilipokuwa nyayo za mama. Alitaka mama asianguke tena, kumbe alikuwa anamchoma.

Ekstensheni aliikatakata akaitupa. Meza akaihamishia gizani mlangoni, pasi ikachomekwa ukutani moja kwa moja. Macho yalimuuma, na uchovu ukazidi.

"Mbona sakafu imepoa?" mama mkwe aliuliza kwa unyonge. "Umenikasirikia, mwanangu?"

Mama Pasi aliutazama mlima wa nguo. Akachomoa pasi, akaketi sakafuni, akaipakata ile miguu na kuanza kuisugua.

"Sijakukasirikia, mama."

Ilikuwa ya baridi kweli. Miaka yote hiyo hakuwahi kuigusa.