Kaye ya Wamaza na Mstari wa Mzazi

Nikiwaona vijana wa leo mkiandikisha watu kwenye simu zenu, mwanangu, narudi Wamaza, kwenye siku moja ninayoikumbuka kama ya jana.

Nilikuwa msichana mwenye mwandiko mzuri. Vita vya Kongo vilikuwa vimetawanya familia, na buro moja ya Kasongo, ndiyo ofisi, ilikuwa ikiwatafutia wazazi watoto waliopotezana nao. Ilitupa sisi waandishi wake orodha ya pamoja, ileile kwa Kasongo, Kabambare na sisi wa Wamaza: mistari ya kujaza, na kwa kila mstari maelezo mafupi ya kinachotakiwa. Mzazi ni yule aliyemzaa mtoto. Mlezi ni yule anayemlisha sasa. Mahali ni pale alipoonekana mara ya mwisho na watu wake.

Nilichora mistari yote kwa rula, na juu ya kaye yangu, ndivyo tunavyoita daftari, nikaandika kwa herufi kubwa: TUMEFUATA ORODHA.

Kisha nikafika kwa Mama Georgette, mkulima wa mpunga, akiwa amempakata mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Kwetu, mwanangu, mwanamke anayelisha mtoto haulizwi kama ndiye aliyemzaa. Ni kama kumwambia kwamba chakula chake hakitoshi kumfanya mama. Basi sikuuliza. Niliandika jina lake kwenye mstari wa mlezi, na kwenye mstari wa mzazi nikaliandika tena. Kwenye mstari wa alama za mwili niliandika: kovu la moto, kiwiko cha kushoto. Nilifanya hivyo nyumba kwa nyumba, nikajiona mtu wa adabu. Nakala ikapelekwa Kasongo.

Baada ya miezi mitatu akaja Papa Amisi kwa pikipiki, mwalimu mzee aliyekuwa akikagua kaye zote za buro. Alifungua yangu, akafunua kurasa polepole.

"Binti, wakimbizi wote walipita hapa Wamaza," alisema. "Na kaye yako haina hata mutoto mumoja aliyepotea. Ao Mungu anawapenda ninyi peke yenu, ao wewe uko na adabu mingi."

Nikamwonyesha yale maneno ya juu.

"Hayo ni maneno yako. Mimi nataka mistari yenyewe iniambie. Twende."

Alichagua majina matatu tu. La kwanza lilikuwa la Mama Georgette. Alipofika aliketi, akapokea maji, akauliza habari za shamba. Kisha akasema kwa upole, "Mama, asante kwa kumulea huyu. Ni nani alimuzaa?"

Mama Georgette alimrekebisha mtoto mapajani. "Sijui. Nilimuokota kwenye kivuko cha muto Luama, iko peke yake, analia. Nilikuwa nangoja mutu aniulize." Akanigeukia. "Wewe hukuuliza."

Baada ya zile nyumba nyingine mbili tulirudi, tukaandika upya ukurasa wa mtoto wa Mama Georgette. Mlezi: Georgette. Mzazi: hajulikani. Mahali: kivuko cha Luama. Nilikuwa nimeongeza mstari wangu mwenyewe, "jina analoitwa hapa", nikadhani ataufuta.

"Huu uache," alisema. "Lakini andika kwamba iko chini ya fungu la majina, mutu wa Kasongo ajue pa kuutafuta."

Kisha akatoa mfukoni mwake kaye ya Kasongo, akailaza kando ya yangu. Alitafuta, akaweka kidole. Mtoto wa kike. Kivuko cha Luama. Kovu la moto, kiwiko cha kushoto. Mzazi: Asumini. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwamba huyo Asumini anakuja kuuliza kila siku ya soko.

Mwandishi wa Kasongo sikuwahi kumwona. Hakunijua. Lakini mstari wake uliuita wangu, na wangu ukaitika, mmoja baada ya mwingine, kama watu wa ukoo mmoja wanaotambuana njiani. Na miezi mitatu yote mama yule alikuwa akiambiwa mwanawe hayupo Wamaza, kwa sababu kwenye ukurasa wangu mtoto alikuwa na mama tayari.

Asumini alifika kwa pikipiki, matope hadi magotini. Mama Georgette alikuwa amemwogesha mtoto na kumvika kitenge kipya. Mtoto aliwaita wote wawili mama, na mimi nikamwandika kila mmoja kwenye mstari wake.

Basi, mwanangu, ukisema unafuata orodha ya pamoja, usinionyeshe mistari uliyochora. Jaza kila mstari kwa kile ambacho orodha inauliza, si kwa kile ambacho moyo wako unaona kinafaa. Usichokijua, andika kwamba hukijui. Hiyo nayo ni kufuata. La kwako ongeza, ila useme liko chini ya nini. Halafu mpe kaye mtu asiyekujua, aikague bila wewe kusimama kando ukimweleza. Haya si magumu, utayaweza. Mimi niliyaweza baada ya kukosea.

Mungu akupe mkono unaoandika kweli, na ulimi unaojua kuuliza kwa upole. Na siku ukurasa wako utakapolazwa kando ya ukurasa wa mtu usiyemjua, akujalie kurasa hizo zitambuane, na mtoto wa mtu arudi nyumbani.