Damu ya Mtu Mzima

Waliotuletea ile mashine hospitalini Newala walituachia pia kichupa cha protini ya kirusi cha UKIMWI, ile ambayo kirusi hutumia kung'ang'ania seli. Kirusi chenyewe hakimo. Protini imeshatiwa rangi. Unaichanganya na damu, mashine inapitisha seli moja moja mbele ya mwanga, na kila iliyoshikwa inang'aa na kuhesabiwa. Ili kulinganisha na damu za wagonjwa, nilihitaji ya mtu asiye na virusi.

Wenzangu, waliokuwa hodari wa kushika vipaza sauti sokoni na kuwahimiza watu wapime, siku nilipowaomba damu wote walipata udhuru. Huyu ana msiba Chiwata, yule zamu ya kuteka maji. Nami nisiwacheke sana. Marehemu mume wangu alizunguka na wanunuzi binafsi wa korosho tangu biashara ilipoachiwa huru, na miaka mitatu baada ya kumzika sikuwa nimejipima. Niliogopa, basi.

Nikamwagiza muuguzi, "Nitafutie damu ya mtu mzima." Kesho yake akaniletea babu wa Mkunya, na mkongojo wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnatafuta mtu mzima. Mimi hapa. Wa rika langu wote wamekwisha."

Nilitaka mzima wa afya, kaniletea mzima wa miaka! Nikageuka nimpe muuguzi vidonge vyake, kumbe alishatoroka. Lakini mzee katoka mbali, namrudishaje? Nikamweleza kwamba kwanza lazima nimpime virusi: mstari mmoja, huna, miwili, unavyo. Aliitikia kwa kichwa, nadhani bila kusikia hata nusu.

"Nipime. Ila anza wewe, nione kama inauma."

Akanikazia macho, na kidole chake kakificha kwapani. Nikajitoboa, kwa hasira zaidi kuliko ushujaa, kisha nikamtoboa yeye. Vipimo viwili mezani, tukasubiri.

Chake kikatoa mstari mmoja. Changu kikatoa miwili.

Babu aliinama akavitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, mbona wewe umepata miwili, mimi mmoja? Au kwa sababu ni mzee ndiyo mnanipunja?"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na hapo hapo nikaanza kulia. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia.