Nusu Kiti

Majirani walimpachika jina la Kiguu na Njia, ingawa hatoki nyumbani. Akikaa, hukalia nusu kiti, maana nusu yake nyingine imeshatangulia chumbani kwa mama yake. Hufuta meza iliyokwisha kufutwa, huku sikio likivizia kikohozi.

Ofisa wa ustawi wa jamii alipokuja kuona kama wanastahili posho ya kumtunza mgonjwa nyumbani, mama, ambaye kila siku hulishwa kwa kijiko, alikamata kikombe akanywa mwenyewe. "Mimi najimudu, baba. Huyu binti ana wasiwasi tu."

Ofisa akaaga.

"Mama, umetuponza," binti akasema, akikipokea kikombe.

"Nilidhani amekuja kunichukua."

Binti akavuta kiti kando ya kitanda, akakikalia chote.