Pembe ya Manjano

Baba yangu alipokufa kwa homa ya mapafu, kijijini kwetu karibu na Ntoto, mama alikuwa na vikwembe viwili tu vya kujifunga. Kimoja kilikuwa cha shamba, kimechakaa mpaka kinatia haya. Kingine kilikuwa cha manjano, ambacho baba alimpelekea kwao Masisi alipokwenda kumposa, enzi za Wabelgiji, alipokuwa kibarua wa barabara. Mama alikuwa mtu wa milimani, mtu wa maharage. Msituni kwetu alikuja kwa ajili ya baba, na sasa baba hayupo. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na ulimi mkali kuliko umri wangu.

Kwa ndugu za baba, mjane alivaa nyeusi mwaka mzima, nyeusi tupu, bila doa la rangi nyingine. Katekista alisema Mungu hatazami nguo. Wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea na mambo yao. Nguo nyeusi hatukuwa nayo, kwa hiyo kile cha manjano ndicho kilipaswa kugeuzwa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye angekikagua. Mjane aliyeonekana kudharau msiba alirudishwa kwao, watoto wakabaki. Shangazi alikuwa ameshaanza kusema mahali ambapo mimi na wadogo zangu wawili tutalala nyumbani kwake. Nilimchukia kwa moyo wote, sifichi.

Asubuhi ile mama alichemsha magome ya mti mpaka maji yakawa mekundu. Wanawake wa kwetu hufunga vitu vidogo kwenye pembe ya kikwembe, chumvi au mbegu, na kabla ya kuloweka nguo kila mmoja hufungua kwanza. Mama alifanya kinyume. Nilimwona akichukua mbegu nne za maharage ya kwao, akaziweka kwenye pembe ya kile cha manjano, akafunga fundo, akalizungushia kamba ya mgomba na kuikaza kwa meno.

"Mama, tunaenda kupanda?" nikamuuliza.

"Koroga," akasema.

Nikakoroga. Nguo ilipotoka chunguni ilikuwa na rangi ya kutu. Tukaibeba mpaka kijitoni, tukaizika kwenye matope meusi na kuikanyaga kwa miguu, maana matope ndiyo yanayoleta weusi. Tukaisuuza, tukairudisha chunguni, tukaizika tena. Mara tatu. Kila safari niliona lile fundo, na kila safari mama alikanyaga juu yake.

Shangazi alikuja kesho yake. Alikipitisha kikwembe mikononi taratibu, kama anayechambua mboga, mpaka akafika kwenye fundo.

"Na hii?"

"Nilisahau, dada. Ni mbegu tu."

Shangazi akafungua. Maharage manne yakaanguka chini, na katikati ya weusi likatokea duara la manjano, lina mikunjo, kubwa kama kiganja cha mtoto. Rangi ile ile ya siku ya posa.

"Mutu anasahau fundo mara tatu mu matope?" Shangazi akanigeukia. "Wewe ulikuwa pale. Nani alifunga?"

Nikamtazama mama. Alikuwa anatazama maharage. Nikaona nyumba ya Shangazi, na mama akipanda kilima peke yake.

"Ni miye, Shangazi. Nilikuwa nacheza."

Alichukua mwiko mrefu tuliokorogea, bado mweusi, akanichapa nao miguuni. Nilipiga kelele kuliko maumivu yenyewe, ili aridhike na mimi, amwache mama. Akachoka. Akakaa chini, akafuta uso kwa mkono, na hapo tu nikakumbuka kwamba naye alikuwa amezika kaka yake.

"Ujinga ya mutoto," akamwambia mama. "Hiyo pembe utaikunja ndani. Watu wasiione."

Alipoondoka, mama alinipaka mawese miguuni. Asante hakusema. Niliumia kwa hilo kuliko kwa mwiko, na nilinuna siku nyingi.

Mwaka mzima alijifunga kikwembe kile, ile pembe imekunjwa ndani, juu ya tumbo. Mara nyingi, akipalilia au akipepeta, mkono wake ulikwenda pale na kukaa kidogo. Nadhani mimi peke yangu nilijua sababu.

Siku ya kumaliza msiba, nguo nyeusi ilipaswa kuchomwa. Shangazi ndiye aliyeipokea. Aliikunjua, akaona pembe moja imekatwa. Akamtazama mama, akanitazama mimi, kisha akaitupa motoni. Habari ya kumrudisha mama kwao Masisi hatukuisikia tena.

Nilipoolewa, asubuhi ya kuondoka kwenda Buleusa, mama aliniita nyuma ya nyumba. Akafungua pembe ya kikwembe chake kipya na kunipa kitambaa kidogo cha manjano chenye kingo nyeusi.

"Ya baba yako njo hii tu ilibakia," akasema. "Chukua. Wewe njo uliilipia."

Nikamwambia miguu bado inauma. Akacheka, akainama, akanigusa miguu yote miwili, pale pale palipochapwa.

"Aksanti, mwanangu," akasema.

Nilikuwa nimeingoja miaka minane.