Injini Iliyorudi Jikoni Kwangu

Harufu ya petroli iliyochanganyika na sabuni ya mche hainipiti hivi hivi. Juzi nilikuwa stendi ya Korogwe nikisubiri basi. Fundi mmoja alikuwa amelala chini ya pikapu, anapaka sabuni kwenye tangi linalovuja, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikajikuta nimesogea kunusa kama mtoto aliyesikia harufu ya maandazi. Fundi akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu?" Nikamwambia hapana. Yeye alikuwa na kazi yake, lakini nyinyi nitawaeleza.

Nilipokuwa na umri wa kama miaka tisa, nilikuwa na nyumba yangu mwenyewe, na nyumba hiyo ilikuwa Landrova. Ilikaa nyuma ya nyumba ya wazazi wangu, katika kijiji chetu cha ujamaa upande wa Handeni, imepandishwa juu ya magogo, haina boneti wala injini. Lile shimo lililobaki pale injini ilipong'olewa ndilo lilikuwa jiko langu. Nilipanga mafiga yangu humo, nikapika ugali wa udongo na mboga za majani ya mbaazi, na wageni wangu wakakaa nyuma kwenye mabenchi. Chini ya kiti cha dereva walitaga kuku wa mama. Mvua ikinyesha, matone yalilia juu ya bati la paa la mbele, nami nikajiona tajiri.

Gari hilo alilinunua babu yangu muda mfupi baada ya Uhuru, likiwa limechoka, kutoka kwa mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akifunga mizigo kuondoka. Babu alipofariki akawaachia wanawe wawili: Baba Mkubwa Saidi na baba yangu, Athumani. Baba Mkubwa alitaka libebe mahindi. Baba alitaka libebe abiria. Walivutana hivyo mpaka siku moja likachemka njiani kwenda Mkata, likatoa moshi na mvuke, na kila mmoja akaapa kuwa ilikuwa zamu ya mwenzake kutia maji kwenye rejeta. Hapo wakagawana gari kama watu wanavyogawana mbuzi. Baba Mkubwa akachukua injini, akaipeleka kwake Old Korogwe, akaifunga mkanda ikawa inazungusha mashine ya kusaga unga. Baba akabaki na vyote vilivyosalia. Tulipohamia kijijini, wenzetu walikuja na milango na miti ya nyumba zao. Baba alimbembeleza dereva wa trekta la kijiji mpaka akatuvutia gari lisilotembea, na watu walicheka hadi wakakaa chini.

Tangu hapo ndugu hao walibaki na salamu tu. Baba alimwamkia kaka yake shikamoo kila walipokutana msikitini au msibani, Baba Mkubwa akaitikia marahaba, na hapo mazungumzo yakafungwa.

Kisha akaposwa Shangazi Mwanaidi, mdogo wao wa mwisho. Mchumba alikuwa Bwana Rashidi, Msambaa mpole aliyeuza matunda ya Lushoto kwa abiria wa mabasi pale Mombo. Kikao kikakaliwa nyumbani kwetu, kwenye mkeka. Baba Mkubwa, ambaye ndiye angemwozesha kwa kuwa babu hayupo, akauliza kama bibi harusi ana neno lolote. Wote walitegemea aseme hana.

"Ninalo," alisema shangazi akiwa nyuma ya mlango. "Nitatoka hapa kwa gari la baba."

Baba Mkubwa akakohoa. "Mwanaidi, gari la baba sasa ni banda la kuku na mashine ya unga."

"Basi kuku wahame, na unga utwangwe kwa kinu. Shehe atakapokuja kuniuliza kama nimeridhia, nataka nilisikie linanguruma. Nisipolisikia, sijui nitamjibu nini."

Nilimchukia shangazi kwa moyo wangu wote. Nani alimwomba aje kunivunjia jiko?

Wiki hiyo hiyo injini ikaletwa kwenye lori, imefungwa kwa kamba za katani kama mfungwa. Mafiga yangu yakatupwa kwenye majani. Nililia, nikakataa uji, na kama adhabu mama akaniambia nikae pale pale nitumike. Na kweli nilitumika, maana wale watu wazima wawili hawakusemezana.

"Zaina," alikuwa akisema Baba Mkubwa, kichwa kimezama ndani ya shimo lililokuwa jiko langu, "mwambie baba yako anipe spana ndogo."

Baba alikuwa amesimama anamgusa bega. "Zaina, mwambie baba yako mkubwa kwamba spana ndogo ameikalia."

Basi nikamwambia. Siku nzima nilikuwa napeleka maneno hatua moja kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Walikata gasketi kwa mkasi kutoka kwenye boksi la viatu. Viti vilivyoliwa na panya wakavijaza katani. Mafuta ya breki hayakupatikana popote, wakatia maji ya sabuni. Tangi lilivuja, wakalipaka sabuni ile ile, na ndiyo harufu niliyowaambia. Lakini injini haikutaka kuwaka. Walipiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, kwa zamu mpaka mashati yakalowa, ikakohoa tu, ikanyamaza.

Siku ya tatu au ya nne, baba akiwa amelala chini ya gari, aliniambia neno refu nilipeleke. Nikalipeleka kama nilivyolisikia: "Baba anasema kabati limeziba."

Baba Mkubwa akasimama wima. "Kabati?"

"Ndiyo. Kabati limeziba."

"Kabati gani tena, mtoto wewe? Limeziba nguo?"

Kutoka chini ya gari ilitoka sauti ya mtu anayesongwa na kicheko. "Kabureta, kaka! Kabureta imeziba!"

Baba Mkubwa akashika ukingo wa gari, akacheka mpaka kofia ikamwanguka ndani ya injini. Walipomaliza kuitafuta kofia walikuwa wameshaifungua kabureta, na ndani yake mlikuwa na pumba za mahindi. Kuanzia hapo sikutumwa tena. Nilikwenda zangu kwenye kuku, nimekasirika zaidi, maana hata ile kazi ya kupeleka maneno nilikuwa nimeanza kuipenda.

Ndoa ilikuwa Jumapili asubuhi. Shehe alipofika mlangoni kwa shangazi kumuuliza kama ameridhia, kukawa kimya. Aliuliza mara ya pili. Baba uani akazungusha hendeli, Landrova ikapiga mlio mmoja kama bunduki, mbuzi wakakata kamba, kisha ikaanza kunguruma. Shangazi akasema, "Nimeridhia," kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Tukapanda. Baba kwenye usukani, Baba Mkubwa pembeni yake na galoni ya maji mapajani, safari hii hakuna aliyetaka kusikia habari za rejeta. Sisi wanawake na watoto tulijaa nyuma, shangazi katikati yetu ndani ya shela, miguu imepambwa hina. Ilitubidi kuwahi. Siku zile Jumapili ikifika saa nane mchana magari hayakuruhusiwa kutembea, na sote tulijua kuwa askari pale Korogwe hawangejali shela ya mtu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Katikati ya njia, kwenye bonde la udongo mweusi, gari likazama hadi kwenye ekseli.

"Umeweka ile nyekundu?" aliuliza Baba Mkubwa. Pale karibu na gia kulikuwa na vijiti viwili, kimoja kichwa cha njano, kingine chekundu, vya kulifanya gari livute kwa magurudumu yote manne.

"Nimeweka."

"Hujaweka, Athumani."

"Kaka, mkono wangu huu hapa umeishika!"

Sauti zikapanda. Nilimwona mama anafumba macho. Nafikiri kila mtu mle ndani aliiona ile siku ya njia ya Mkata inarudi. Ndipo shangazi alipofunua shela, akaruka chini, puu, hina yote ndani ya tope.

"Semeni tu," alisema. "Nisukume mimi, au mtanyamaza?"

Wakanyamaza. Baba Mkubwa akashuka, akavua kanzu yake nyeupe, akaitandaza mbele ya gurudumu. Baba akakitazama kijiti chekundu, akakivuta kwa nguvu zaidi, kikalia klak. Nadhani kweli kilikuwa hakijaingia, lakini Baba Mkubwa hakusema kitu. Wanawake wakashika nyuma wakiimba, Landrova ikatambaa kama kobe, tope likaturukia usoni, tukatoka. Nawaambia, sijawahi kufurahi vile. Kwa mara ya kwanza nyumba yangu ilikuwa inatembea, tena mahali ambapo hata lori lisingepita, na nikasahau kabisa kwamba nilikuwa nimenuna.

Tuliingia Mombo saa nane ikigonga. Wauza ndizi na mayai waliacha abiria wao wakatukimbilia, maana hawakuwahi kuona bibi harusi mwenye tope hadi magotini. Bwana Rashidi, ambaye kwenye ndoa aliwakilishwa na wakili, alimtazama mkewe, akatafuta la kusema, akasema, "Karibu, maji ya kuoga yapo."

Kurudi hakukuwezekana siku ile. Nyumba ya wenyeji ilijaa, na baba na Baba Mkubwa wakapewa kitanda kimoja cha kamba. Asubuhi niliwakuta wamekaa juu yake, wanabishana kama zamani, lakini safari hii juu ya nani aliyekoroma.

Tulipofika nyumbani Baba Mkubwa akatangaza kuwa Jumamosi atakuja kuichukua injini yake, wanawake wa Old Korogwe wamechoka kutwanga. Nilifurahi, jiko langu litarudi. Jumamosi akaja na spana zake. Alilegeza nati mbili, baba akaleta chai, wakasafisha plagi, wakazirudisha nati, wakaliendesha hadi kisimani "kulijaribu", jua likazama akaondoka. Jumamosi iliyofuata vivyo hivyo. Niliweka mafiga yangu tayari kando ya gurudumu, wiki baada ya wiki, mpaka majani yakayafunika nikaacha kucheza jikoni. Nilihitimisha kuwa baba zangu ni mafundi wabovu sana, na kwamba kuing'oa injini ni kazi ngumu kuliko kuifunga.

Nilishakuwa na watoto nilipomuuliza Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, jinsi wanawake wa kule walivyovumilia kinu miaka yote ile.

"Kinu gani?" alisema, anachambua mchele wake. "Mashine ilipata injini nyingine, ya pampu, kabla hina ya shangazi yako haijafutika."

"Mbona alikuwa anakuja kwetu kila Jumamosi kuichukua ile?"

Akanitazama kama ninavyotazamwa na wajukuu wangu nikishindwa kutumia simu. "Nilikuwa namfungia chakula cha mchana, Zaina, na shati safi la kushindia. Mtu anayekwenda kung'oa injini nimfungie shati safi la nini?"